Pete ya Kijani Kwenye Beseni

Binti yangu alipokuja kujifungulia kwangu Likasi, mji wa machimbo, dada yangu mkubwa naye alihamia ndani ya nyumba na mkeka wake, sufuria yake na amri zake. Kwetu mimba ya kwanza huletwa kwa mama mzazi, na mama mzazi huletewa dada yake amsaidie, apende asipende. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa mikono isiyotulia. Yeye ni mtu wa kukaa kwenye kiti kifupi na kuiendesha dunia kutoka pale. Hata wiki haijaisha tulikuwa tumegombana kuhusu chumvi, kuhusu dirisha, na kuhusu padri yupi anasoma misa ndefu. Hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Vita vyenyewe vilikuja na maji.

Nyumba yetu ina bomba uani. Likitaka linatoa, lisipotaka linakohoa hewa tu. Maji yake ni ya chokaa: birika letu lilikuwa limeota ukoko mweupe ndani, mnene hivi kwamba ukilitikisa lilicheza kama limetiwa kokoto. Sabuni haitoi povu kwenye maji hayo, inaganda tu kwenye nguo. Watu wa avenyu yetu waliuogopa ukoko ule kuliko kitu chochote. Walisema ndio unaojenga mawe kwenye figo, ndio unaokausha maziwa ya mama. Kwa hiyo maji ya kunywa tulikuwa tukiyachota kwa jirani, kwenye kisima.

Kisima kile kilikuwa na sifa mtaa mzima. Maji yake yalikuwa matamu, ya baridi, maangavu, hayaachi kitu ndani ya birika, na ukifulia yanatoa povu mpaka unacheka. Mwenye kisima alikuwa mwanamke kijana, mkubwa kidogo kuliko binti yangu, anayesali katika kanisa la maombi ya sauti kubwa. Mumewe alikuwa mchimbaji wa madini kwa mkono, upande wa Kamatanda. Maji yale aliyagawa bure. Alikuwa ameyatoa kwa Mungu, alisema, na kila asubuhi alinyoosha mkono juu ya mdomo wa kisima akaomba kabla ndoo ya kwanza haijashuka. Sisi Wakatoliki tulisimama kwenye foleni na bidoni zetu, madumu ya plastiki, tukingoja amina. Wengine walifanya ishara ya msalaba chini chini, ili kila upande upate haki yake.

Dada yangu aliyapokea maji yale kama dawa. Aliyabandika asubuhi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akayachemsha mpaka yakabaki nusu ya sufuria, kama mtu anayepika mizizi. Kwake yeye, maji yaliyopungua yalikuwa yamepata nguvu. Binti yangu alipewa kikombe kikubwa kabla ya chai na kingine kabla ya kulala, ili mtoto atoke msafi.

“Mama mukubwa, nimekwisha kushiba,” binti yangu alilalamika.

“Kunywa! Haiko weye njo unakunywa, ni mutoto. Ile ya robinet iko na chaux. Hii njo inasafishaka mutoto mu tumbo.”

Robinet kwetu ni bomba, na chaux ni chokaa. Binti akanywa. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, napima kitambaa, na nilifurahi kwamba angalau kuhusu jambo hilo hatukugombana.

Tulikuwa na beseni jeupe la zamani, la chuma, ambalo binti yangu alikuwa akiogea maji hayo hayo ya kisima. Siku moja aliniita uani akiwa ameinama kwa shida, tumbo likimzuia, sabuni imemfika viwikoni.

“Mama, ona hii. Nimesugua na majivu, nimesugua na javel ya kung'arisha nguo, haitoke.”

Ndani ya beseni, pale maji yanapoishia, palikuwa na pete ya kijani. Mtu wa Likasi haambiwi rangi ile ni nini. Tumekua nayo. Ni rangi ya mawe yanayopita kwenye malori, rangi ya vumbi la viatu vya wachimbaji, rangi ya vipande vya malakiti, jiwe la shaba, ambavyo watoto wetu huokota njiani wakachezea. Nililichukua beseni lile, nikaliinua juani, nikaligeuza huku na huku. Halafu nikaenda nalo mpaka kwenye ukuta mfupi unaotutenganisha na jirani.

Mume wake alikuwa amerudi na magunia. Alikuwa akiyaosha mawe kwenye pipa lililokatwa katikati, kwa sababu mawe masafi mnunuzi huyatazama kwa jicho zuri. Maji machafu yalishuka kwenye mfereji aliouchimba mwenyewe, yakapita nyuma ya kisima, yakaingia kwenye mtaro. Mfereji ule sote tuliufahamu. Tulikuwa tukiuruka kila asubuhi na bidoni mkononi, na kuonyana tusiteleze.

Nilirudi ndani, nikaichukua sufuria ya dada yangu na kumwaga maji yake yote chini ya mti wa mapera.

“Unamwanga mayi ya mutoto?” Dada aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo halitokei ovyo. “Weye, iko na akili?”

“Yaya,” nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, “ona beseni.”

“Beseni imezeeka.”

“Beseni haizeeke na rangi ya malakiti!”

“Tangu tulizaliwa tunakunywaka mayi ya puits, ya kisima. Tulikufa?”

Nilimwambia wapo waliokufa, ila hao hawaji kubishana naye.

Tangu hapo sikutulia. Bomba lilikuwa limekauka, na mwenye mimba hawezi kungoja. Nilikwenda na bidoni mpaka upande wa pili wa mji, kwa mteja wangu ambaye bomba lake lilikuwa likitoa, nikarudi na bega linaniuma. Nilishona mkono wa kulia wa blauzi mahali pa mkono wa kushoto, nikafumua, nikaushona tena pale pale. Nikikaa nilijikuta nimesimama, nikisimama nilijikuta kwenye ukuta nikichungulia mfereji. Na maji yale ya mteja wangu nayo, nani aliniambia ni mazuri? Niliyatazama kwenye kikombe mpaka macho yakaniuma. Maji hayasemi kitu ukiyatazama. Niliogopa, nasema wazi. Katika mji wetu wanawake wakikaa kusukana husimuliana habari za watoto waliozaliwa vibaya, kisha hugusa mbao kuepusha balaa na kubadilisha mazungumzo. Mimi sikuweza kubadilisha mazungumzo, kwa kuwa nilikuwa nikizungumza na nafsi yangu.

Nilikumbuka kwamba mwanamke mmoja niliyesoma naye anafanya kazi katika maabara wanakopima mawe na maji. Nilimpelekea chupa ya maji ya kisima na chupa ya maji ya bomba niliyoyatoa kwa mteja wangu. Alizinusa, akacheka.

“Hii chupa ilikuwa ya mafuta. Unataka nipime mayi ao nipime bukari yako?”

Baada ya kunicheka na ugali wangu, akanipa chupa zake na kunirudisha nyumbani. Za kisima nilizijaza siku hiyohiyo. Za bomba, ilibidi ningoje bomba lipende. Lilipopenda, mtaa mzima ulitoka mbio na ndoo kama kawaida yetu, kila mtu akitaka kuyawahi maji ya kwanza kabla hayajakatika, na maji ya kwanza yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilifanya alivyoniagiza: niliyaacha yatiririke kwanza. Dada yangu aliniona nimesimama mikono kiunoni, maji yanakwenda chini, akashika kichwa.

“Sasa anamwanga na ya robinet!”

Halafu nikangoja tena. Kungoja si kazi yangu. Nilipoitwa maabara nilikwenda na tepu ya kupimia ikiwa bado imening'inia shingoni.

Yule mwenzangu alikuwa mtu wa maneno ya moja kwa moja tangu shuleni, na hakunizungusha.

“Ile blanc, ile nyeupe ya mu birika yako, ni chaux tu, sawa ile libwe, jiwe ya chokaa banachimbaka ku Kakontwe. Haiue muntu. Inaharibisha birika, inakulaka sabuni, basi.”

“Na ya puits?”

“Ya puits iko na shaba, iko na cobalt, kupita vile inafaa muntu akunywe. Jicho haione. Kinywa naye inadanganyaka, juu iko tamu.”

“Lakini tunachemushaka. Sana.”

Aliweka kalamu chini. “Sikia. Kuchemusha inaua microbes. Metal haikufake. Ukichemusha mpaka mayi inapunguka, ni mayi njo inaenda. Metal inabakia yote mu sufuria.”

Nilielewa hapo hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa jikoni. Ukiacha mchuzi motoni, chumvi haiondoki. Dada yangu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, alikuwa akimkolezea binti yangu mchuzi.

“Na mutoto?” niliuliza.

“Aache leo. Umupeleke ku consultation, muelezee munganga yote. Kupita pale sitakudanganya. Sijue.”

Kuhusu bomba alinifundisha yale niliyokuwa nimeyaona bila kuyaelewa. Maji yakikatika, mabomba ya chini ya ardhi hubaki matupu na hunyonya uchafu penye nyufa. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo yanaubeba uchafu huo wote, na ndiyo sisi tulikuwa tukiyakimbilia na kuyapigania. Yaache yapite mpaka yatakate, alisema, ndipo uchote, uchemshe mpaka yatokote vizuri, utoe motoni, ufunike. Yaliyopita yatumie kwa kuosha uwanja. Tulikuwa tumeyakimbia maji yenye ukoko yanayoweza kusafishwa, tukaenda kunywa maangavu yasiyosafishika kwa moto wetu.

Munganga, daktari wa kliniki, alimpima binti yangu, akamsikiliza mtoto, akasema anaendelea vizuri, arudi tena. Dada yangu aliisikia habari ya sufuria akiwa kwenye kiti chake kifupi. Aliinuka, akaipeleka ile sufuria nyuma ya nyumba, akaifunika kwa kuigeuza chini. Hakusema nimekosa. Alianza kulilinda bomba kama askari wa gereza la Buluo, na mtu akikimbilia maji ya kwanza alimfokea kwa jina la sayansi.

Kazi iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi. Ilibidi nimwambie mwenye kisima.

Nilizunguka nyumba yake siku nzima kwa visingizio. Yule mwanamke alikuwa ameolewa miaka kadhaa, na ndani ya nyumba yake hapakuwa na sauti ya mtoto. Alikuwa ameshika mimba, zikaharibika. Mtaa ulijua, kanisa lake lilijua, tulimwombea kila mmoja kwa namna yake. Nilimkuta akifagia, nikamwambia kwa mkato, kwa sababu nikizunguka sana hukosea: maji yamepimwa, yana madini, ya mawe ya mume wako, yasinywewe. Alisikiliza ameegemea ufagio.

“Aksanti, mama,” alisema, akaendelea kufagia.

Kesho yake kisima kilikuwa kimefunikwa kwa bati na mawe juu. Mumewe aliyahamisha magunia. Foleni ilikuja, ikaona bati, ikaja kunitukana mimi. Walisema nimeona wivu, nimefunga baraka ya mtu. Niliwajibu wote, na wengine niliwajibu vibaya. Yeye mwenyewe hakutoka nje wiki zile, na hilo lilinikosesha raha kuliko matusi.

Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nilimkagua vidole vya mikono, vidole vya miguu, masikio, mgongo, nikarudia mpaka mkunga akaninyang'anya. Nilikaa chini kwenye korido nikalia. Dada yangu alinishika bega akaniambia ile mayi ya chaux imeleta mutoto muzuri, na nilicheka katikati ya kilio.

Wageni walipoanza kuja na sabuni na vitenge, jirani yetu wa kisima naye alikuja. Alinawa mikono bila kuambiwa, akaketi, akampokea mtoto. Alimtazama muda mrefu. Binti yangu alikuwa amelala chumbani, dada alikuwa kwenye bomba. Tulikuwa wawili tu na mtoto.

“Mama,” alisema, bila kuinua macho, “bale bangu benye balitoka mbele ya saa yabo. Ilikuwa ile mayi?”

Nilikuwa nimekwisha kuuliza maabara, nilikuwa nimemuuliza na munganga, kwa sababu yake. Wote wawili waliniambia kwamba hakuna anayeweza kujua sasa.

“Sijue, mwana yangu,” nilimwambia. “Bote banasema habajue.”

Alitikisa kichwa taratibu, akamrekebishia mtoto shali.

“Kila asubuhi, nikimaliza kuomba, njo miye nilikuwa nakunywaka ya kwanza,” alisema. “Ili bantu basiogope.”