Figo Iliyopangwa na Kikao

Kabla ya kuwa daktari wa kupandikiza figo nilikuwa tabibu wa zahanati, na kabla ya hapo mkulima wa Gitting, chini ya mlima Hanang, aliyeishia kidato cha nne. Kidato cha tano na sita nilijisomea nyumbani, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo kikuu niliingia nikiwa na mvi za kwanza. Hata kushona mishipa ya damu nilianza kujifunza peke yangu. Nilikuwa nikinunua figo za mbuzi buchani Katesh, zikiwa bado na mishipa yake, nazishona kwenye meza ya jikoni, kisha namimina maji ndani nione panapovuja. Mke wangu aliacha kabisa kupika figo.

Mazoea hayo ya kumimina maji ndiyo yaliyonitia kwenye jambo ninalolieleza hapa.

Mgonjwa alikuwa mfugaji wa tambarare za Hanang, wa umri wangu. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya mjini ninakofanya kazi, safari ya siku nzima kutoka kwa ng'ombe wake. Wazee watatu wa ukoo wakaja na mdogo wake, mwanamume wa miaka kama thelathini.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba. Tumekuletea figo," akajibu mkubwa wao, akimwonyesha yule mdogo kwa fimbo.

Kwao, mtu akiishiwa na mifugo kwa ukame au ugonjwa, kikao cha ukoo hukaa na kumpangia kila ndugu ng'ombe wa kutoa. Aliyepangiwa hakatai. Figo nayo ilikuwa imepangwa kwa utaratibu huohuo.

Vipimo vyote vilikuwa vizuri. Likabaki lile zungumzo ambalo mtoaji hufanya na daktari peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

"Unatoa kwa hiari yako?"

"Ndiyo, daktari."

"Unajua kwamba unaweza kukataa hata sasa?"

"Ndiyo, daktari."

Aliitikia maswali yote ya fomu hivyohivyo, macho yakiwa sakafuni. Nikaongeza moja la kwangu, la kumimina maji nione panapovuja. "Leo ni Jumapili?"

Ilikuwa Jumanne. Akaitazama kalenda ukutani, kisha akanitazama mimi. "Ndiyo, daktari. Kama unavyosema."

Nikaahirisha upasuaji. Mzee wa fimbo hakufurahi. "Mnadani mbuzi tunamshika mgongo tu, biashara imekwisha. Huyu umempima mpaka mkojo. Wewe mtoto wa wakulima, unatafuta nini tena?"

Nilikwenda likizo nyumbani bila kutulia. Siku ya tatu nikamfuata yule mdogo mtu kwenye josho, akiwasukuma ng'ombe waingie kwenye maji ya dawa. Nikavua koti, nikashika fimbo upande wa pili. Watu wa kwetu ukiwauliza jambo zito mkitazamana, wanajibu kwa heshima. Mkiwa kazini bega kwa bega, wanajibu swali.

Sikuhitaji hata kuuliza. Kundi lilipokaribia kwisha akasema, "Mimi naogopa kisu. Sitaki."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nikilisema kwenye kikao nitahamia wapi?"

Nikamweleza kwamba nitasema vipimo havikuruhusu, na sitaongeza neno, hata kwa kaka yake. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Nilifanya hivyo. Katika kazi yetu anayekataa hufichwa, na sababu zake hubaki kwa daktari. Lakini nilisahau niko wapi. Vijijini kwetu mtu aliyerudishwa na hospitali kubwa ni mgonjwa, hakuna maelezo mengine. Yule mdogo mtu alikuwa amechumbia, na baba wa msichana akasimamisha mazungumzo. "Daktari mwenyewe amezikataa figo zako," alimwambia. "Binti yangu azikubali kwa nini?"

Akaja mjini peke yake, bila wazee. Nilidhani atataka cheti cha kumsafisha. Alichotaka ni nimsindikize hadi kitandani kwa kaka yake.

"Kaka, shikamoo. Mimi ni mzima. Nilikataa."

Mgonjwa hakuitikia salamu. Alitazama mpira unaopeleka damu yake kwenye mashine, akaufuata kwa macho hadi mwisho.

"Ungeniambia kabla ya kikao," akasema.

"Ningekuambiaje? Mkubwa ni wewe."

Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Miezi miwili namwombea apone."

Muuguzi alikuja, akasoma mashine, akaandika, akaondoka. Mgonjwa akamwambia mdogo wake, "Nenda kamwambie baba wa msichana haya uliyoniambia. Akibisha, anipigie simu." Kisha akaniita nisogee. Wanaye dada aliyeolewa Bashay, alisema. Kikao hakikumhesabu, kwa kuwa sasa ni wa ukoo mwingine.

"Nitamwita kwa ajili ya maelezo," nikasema.

"Usimwite. Wewe ukiita, mtu anaitika tu. Nitamwuliza mimi, na nitamwambia kwanza kwamba hapana yake naiweza."

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Damu yake inazidi kuwa mbaya, na sasa amelazwa. Namba za vipimo vyake nazisoma kila asubuhi kabla ya chai. Simu anayo, iko chini ya mto. Kila nikipita wodini ananiambia bado anatafuta namna ya kuanza, nami nasimama pale nikitamani kuichukua niipige mwenyewe.