Jasoda na Hesabu Isiyo na Nane

Jasoda Kanji hakuwahi kusema nane wala tisa. Akihesabu vikombe, ngazi za ofisi au vifungo vya gauni, alifika saba, akagonga kidole mezani, akasema kumi. Kitu cha tisa kwake kilikuwa cha kumi na moja. Siku moja Kuluthumu, muuza nyanya wa sokoni, alimsikia akihesabu.

"Dada, nyanya mbili umezimeza?"

"Zimo kikapuni," Jasoda akamjibu, "ila hazina majina."

Tabia hiyo aliipata kwa mashine. Mwaka 1977, nilipoajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya tumbaku hapa Tabora, kwenye barabara ya zamani ya misafara ya Ujiji, alikuwa ameshakaa na kompyuta yetu miaka minne. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Ndiyo iliyotunza orodha ya mbegu na mbolea za vijiji vya ujamaa, toka Igalula hadi Usinge, na ilihesabu kwa namna yake: baada ya saba iliandika kumi.

Babu yake Jasoda alifika Tabora kwa miguu na misafara ya mwisho, akafungua duka mtaa wa Kanyenye. Sasa kaka yake, Mansukh, alikuwa amelifunga duka hilo na kuhamia Uingereza, na kila mwezi barua yake ilikuja na swali lile lile: unangoja nini huko? "Nangoja kazi iishe," Jasoda alijibu, nasi tulicheka, maana vijiji vilizidi kuongezeka.

Lakini serikali ilikuwa imezuia kompyuta mpya kuingia nchini, na chache zilizokuwepo zilitakiwa Dar es Salaam. Mwezi wa nne tukapata barua. Kamati ingefika kwa treni, Jumatano. Ikiikuta mashine inafanya kazi, itabaki. Ikiikuta imelala, itachukuliwa, na kazi ya Jasoda itafungwa pamoja nayo.

Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikasahau kila kitu.

Kompyuta ya aina ile ikisahau, haijui hata kusoma utepe wa karatasi wenye programu zake. Ni lazima kwanza mtu aifundishe kusoma, kwa kupandisha na kushusha swichi zilizo usoni mwake, amri moja moja. Maelekezo ya watengenezaji yalikuwa yameliwa na mchwa zamani. Jasoda alikuwa ametunga yake, amri kumi na tisa kwa penseli: tazama kama utepe uko tayari; kama bado, rudi mstari fulani; kama tayari, soma, weka, songa mbele, rudi tena. Kando ya kila amri aliandika namba ambazo swichi zingezielewa. Mashine ilikuwa imezihifadhi muda wote, kwa hiyo hakuwa amezihitaji tena.

Jumanne, umeme ukiwa bado haujatulia, alinipa karatasi ile niipige chapa, kwa kuwa penseli ilikuwa imeanza kufutika. Nilikuwa na cheti cha chuo cha uhazili na nilijivunia usafi wa kazi yangu. Nikaona mistari yake imehesabiwa tano, sita, saba, kumi. Nikadhani ni ile tabia yake tu, haifai kwenye karatasi ya ofisi. Nikaandika nane, tisa, kumi, hadi mwisho. Palipoandikwa rudi mstari fulani, napo nikaparekebisha kila nilipopaona. Karatasi ya penseli nikawashia jiko la chai.

Jumatano saa tatu asubuhi kamati ilikuwa imekaa kwenye viti. Jasoda alisimama mbele ya swichi, karatasi yangu mkononi. Alifika mstari wa nane, mkono ukabaki hewani.

"Flavia, hii nane imetoka wapi?"

"Nilisahihisha, dada. Uliruka namba."

"Na zile za ndani ya amri, za kurudi mstari?"

"Nazo. Ila si zote. Sikumbuki zipi."

"Ya penseli iko wapi?"

Nikatazama jiko. Naye akatazama jiko.

"Basi niletee karatasi nyeupe."

Alikaa sakafuni, akaanza upya. Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Ambrosi, alitazama saa yake.

"Ndugu Jasoda, mgonjwa ataamka, au tuandike cheti cha kifo?"

"Nipeni mpaka saa nne."

Saa nne ilifika, yeye yuko amri ya kumi na mbili.

"Shida ni nini hasa?" Ndugu Ambrosi aliuliza.

"Karatasi ilikuwa na kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikawamiminia chai, mmoja baada ya mwingine, nikiangalia isimwagike.

Saa nne na dakika ishirini utepe ulitikisika, ukaanza kutembea. Mashine ya kuchapia ikagonga jina la kwanza: Igalula. Jasoda aliweka kiganja juu ya kabati, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Imeamka," alisema.

"Naona," alisema Ndugu Ambrosi, kwa sauti ya chini. Fomu ilikuwa magotini pake. "Lakini muhuri umeshapigwa, ndugu."

Wiki mbili baadaye mashine ilipakiwa kwenye behewa la mizigo. Mwezi wa sita Jasoda naye alipanda treni hiyo hiyo, aende Dar es Salaam na kisha kwa kaka yake. Nilimsindikiza stesheni. Siku zote hizo nilikuwa nikitafuta namna ya kuanza kumwomba radhi, na pale nikashindwa tena, nikaishia kumpitishia mizigo dirishani na kuihesabu kwa sauti ili nipate la kusema.

"Tisa, dada. Yote imo."

Treni ilikuwa imeanza kusogea. Alitoa kichwa nje, akanitazama, na nikajua kwamba hajawahi kunikasirikia, jambo ambalo limenilemea zaidi.

"Kumi na moja, Flavia," alisema. "Safari hii usinisahihishe."