Somo la Ng'ombe Wasiohesabiwa

Miaka ya tisini nilikuwa mkufunzi wa walimu, na nakiri nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitabu kimoja akakimaliza. Wanafunzi wangu waliajiriwa bila kusomea ualimu, wakaja kwetu kila likizo kujifunza kufundisha kwa vitendo: somo moja libebe hesabu, sayansi na lugha, na mtoto ashike kitu badala ya kukariri. Mwishoni nilikwenda kuwatazama darasani. Aliyefaulu alipata cheti. Aliyeanguka alirudia mwaka, kama moyo ulikuwa bado unamruhusu.

Siku hiyo nilikuwa shule moja juu ya mji wa Kapkatet, nchi ya wafugaji, kwa mama mmoja aliyefundisha darasa la tatu. Nilikuwa nimemwagiza mwenyewe atumie ng'ombe wa nyumbani, watoto wawahesabu na kuwajumlisha.

Alijitayarisha, maskini. Kila mtoto alileta kopo la kokoto, kokoto moja kwa kila ng'ombe wa kwao, zimechaguliwa kwa rangi. Huyu mwekundu, wakaniambia, kazaa juzi. Huyu mwenye doa hakubali kukamuliwa na mgeni. Wakaeleza ng'ombe anavyougua kupe wakimzidi. Darasa lilichangamka, ila hakuna aliyetaja idadi. Nikangoja, nikatazama saa, hasira zikanipanda. Nikamwuliza msichana wa dawati la mbele, "Kwenu wako wangapi?"

Msichana akafunika kopo kwa kiganja. Wenzake nao wakafunika ya kwao.

Yule mama akaniita mlangoni.

"Mwalimu, hapa kwetu ng'ombe ya mtu haihesabiwi hivyo. Ukihesabu unaita balaa. Huyu mtoto akitaja, jioni atachapwa. Mimi nataka hiyo cheti sana, lakini si kwa mtoto kuchapwa."

"Sasa mwenyewe atajuaje mmoja amepotea?"

"Si ujaribu uone."

Nikarudi darasani, nikamwambia msichana ageuke, nikaficha kokoto moja mfukoni. Alipogeuka alimwaga zilizobaki juu ya dawati, akazitazama kidogo tu. "Ile nyeusi ya pembe moja haiko," akasema, akanitazama kama anayemtazama mwizi wa mifugo.

Niliona aibu. Mimi nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, wazazi wangu wakiwa wametoka upande wa ziwa, na pale kwenye laini hapakuwa na zizi. Lakini nimeishi na majirani hawa maisha yangu yote. Asiyejua hulaumiwa kwa kutouliza. Nikampitisha yule mama, na alipolia kwa furaha nami nilifurahi kweli.

Furaha hiyo haikufika barabarani. Nilimkumbuka mwalimu mmoja wa Sigor niliyemwangusha mwaka uliotangulia. Watoto wa darasa lake nao walikataa kutaja idadi ya ng'ombe, naye akasimama kimya, nami nikajaza fomu kwamba hajui kuuliza maswali.

Juma lililofuata nilikwenda Sigor kumwomba radhi na kumtazama upya. Shuleni wakaniambia aliacha kazi matokeo yalipotoka. Nilimkuta nyumbani kwake akipukuchua mahindi. Alinipa kiti, akaagiza chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini kwa nini hukunieleza siku ile?" nikamwuliza.

"Nilitaka kukueleza," akasema kwa upole. "Lakini wewe ulikuwa unaandika."