Kapu la kupikia maboga aliloacha mke wangu, na siku wakwe walipokuja kugawa nguo

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine natumaini mmeamka salama.

Juzi humu kuna dada aliuliza kama boga linafaa kupikwa kwenye slow cooker, ile ya umeme unayowasha asubuhi ukatoka, mchana unakuta chakula tayari. Nikaanza kumjibu kama ninavyojibu maswali mengine. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jibu lilikuwa linaenda mahali ambapo yeye hakuuliza. Nikaona nimwache na uzi wake, nifungue wangu.

Haya yamenitokea mimi, nyumbani kwangu Misunkumilo, hapa Mpanda. Majina nimebadilisha kwa sababu kwa wakwe zangu kuna vijana wanaingia humu. Mengine nimeyaacha yalivyo.

Kwanza dada apate jibu lake. Ndiyo, boga linafaa sana. Boga halitaki moto wa haraka. Ukilichemsha kwa fujo, nje linasagika na katikati linabaki gumu. Likipata joto la polepole, linaiva lote sawasawa na utamu unabaki humo humo.

Ila sisi hatukuwa na ya umeme. Sisi tulikuwa na kapu.

Kwa wasiolijua: ni kapu la kawaida la kusuka, kubwa. Ndani unalijaza matambara na nguo kuukuu, unashindilia pande zote na chini, unaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Juu ya zile nguo unashona kitambaa ili zisitoke. Halafu unatengeneza mto mnene wa kufunikia. Chakula kikishachemka jikoni, unakitoa motoni na sufuria yake, unakitumbukiza kwenye kapu, unafunika. Hakuna moto, hakuna umeme. Kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

Mke wangu, nimwite Kabula, alijifunza kwa kina mama wenzake wa kanisani. Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia Majimoto na ng'ombe akiwa bado mtoto. Mimi ni Mfipa, fundi pikipiki. Tuna binti mmoja, Milembe, yuko darasa la pili.

Kabula aliugua saratani. Sitaieleza sana, wenye wagonjwa mnajua. Tulienda Mbeya, tukarudi, tukaenda tena. Ikafika mahali moshi wa mkaa ukawa unamkaba, na kukaa jikoni kungoja sufuria akawa hawezi. Chakula nacho kikawa hakipiti, isipokuwa boga lililolainika kabisa, na maziwa kidogo.

Hapo ndipo kapu lilipoingia nyumbani kwetu kama mtu wa nne. Asubuhi nachemsha boga kabla sijaenda gereji, naliweka kwenye kapu. Mchana yeye anafunua tu. Mtoto akirudi shule wanakula wote, cha moto, bila mtu kuwasha kitu.

Sasa kuna jambo nataka mlielewe vizuri, kwa sababu ndilo lililoleta yote.

Kabula alikuwa anapungua. Nguo zikawa zinampwaya. Kila alipovaa gauni likamdondoka begani, alilivua, akalikunja, akafumua mshono kidogo pembeni ya kapu, akalisukumiza ndani.

"Hili nalo likapike," alikuwa anasema.

Nilimwambia aziweke, akipona atazivaa. Akaniangalia, akaendelea kushona.

Jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa utani sana, alikuwa akija kumjulia hali anaanzia jikoni.

"Kabula, hili kapu lako mbona linanenepa? Lina miezi mingapi?"

"Lina mapacha hilo," anajibu kutoka kitandani. "Tena wanapiga mateke."

Walikuwa wanacheka mpaka Kabula anashika ubavu. Mimi nacheka nao, halafu natoka nje kidogo.

Maana ni kweli kapu lilinenepa. Na nieleze kama fundi: lilizidi kupika vizuri. Mwanzoni boga tulilikuta la uvuguvugu. Baadaye, vile vitenge na masweta vilipoingia, tulikuwa tukifunua mchana mvuke unatoka kama limeepuliwa sasa hivi.

Kabula alifariki wakati mahindi yakivunwa. Tukamzika.

Wakwe walikuja kutoka Majimoto. Hapa inabidi nieleze mila yao kwa wasioijua. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, hampeani kitu mkono kwa mkono. Ukikutana naye njiani unampisha. Muda wote niliokaa na binti yake, sikuwahi kuzungumza na yule mama moja kwa moja. Maneno yalikuwa yanapita kwa shemeji yangu, Masanja, mdogo wake Kabula. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe.

Siku ya kumaliza matanga zikagawiwa nguo. Na hili wengi mnalijua, nguo za marehemu hazibaki ndani. Zinatolewa, ndugu wanagawana, kila mmoja anaondoka na kitu chake.

Masanja akaleta begi uani, akalifungua mbele ya ndugu. Lilikuwa na kanga mbili, blauzi moja, na lile gauni jembamba alilokuwa akilivaa mwishoni.

Akalitikisa begi, tupu.

"Shemeji," Masanja akasema, "dada alikuwa anapenda nguo. Hata mama ana picha zake. Nguo ziko wapi?"

Nikabaki kuliangalia lile begi. Si kwamba nilikuwa naficha. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

"Au umeshamvalisha mtu?"

Wakuu, mkeo hajamaliza hata kupoa kaburini halafu unaulizwa hivyo mbele ya watu.

Mama Zuhura ndiye aliyeniokoa. Alisimama akiwa na mwiko mkononi, alikuwa anapika chakula cha waombolezaji.

"Acheni kumwonea huyu baba. Nguo ziko jikoni. Marehemu alizishindilia mwenyewe kwenye kapu, mimi nikiona kwa macho yangu."

Akalileta. Kapu lenyewe lilikuwa na sufuria ndani, maana asubuhi ile nilimpikia Milembe kama kawaida. Wakafunua mto, mvuke ukapanda. Kuna shangazi mmoja alilia pale pale, nadhani hata hakujua analilia nini.

Masanja alitoa sufuria, akageuza kapu, akaangalia mshono. "Basi tufumue," akasema. "Nguo za marehemu zigawiwe."

Hapo nilipata mdomo. Nikamwambia hicho ni chombo cha jikoni kama sufuria na jiko. Nikamwambia Milembe anarudi shule hakuna mtu nyumbani, mimi niko gereji, kitu pekee kinachompokea ni hilo kapu. Anafunua, anakuta cha moto, kama mama yake alivyokuwa akimwachia. Nikamwomba achukue chochote kingine, hata redio, hata kitanda.

"Mila haijui kapu, shemeji. Nguo ni nguo."

"Masanja, mtoto atakula nini?"

"Tutamchukua tukae naye."

Tukawa tumefika pabaya. Wazee wakaanza kuongea wote kwa wakati mmoja, Kisukuma, Kifipa, Kiswahili, kila mtu na lake.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Akageuka. Akanitazama usoni. Kila mtu pale uani alijua jambo hilo halifanyiki.

"Baba Milembe," akasema. "Wasifumue. Nipe hivyo hivyo lilivyo."

Nikatazama chini, kama inavyotakiwa.

"Wewe bado kijana. Kesho utaoa, utapikiwa. Mimi nikamzae wapi tena Kabula mwingine?"

Nilikuwa na hoja zangu, na hata leo naona hoja zangu zilikuwa za kweli. Lakini ya kwake ilikuwa kubwa kuliko zangu zote.

Nikalibeba kapu. Nikalipeleka mpaka karibu na mkeka, nikaliweka chini, nikarudi nyuma, kwa sababu siruhusiwi kumpa mkononi. Yeye akalivuta taratibu, akalipakata kama mtu anavyompakata mtoto mdogo. Kesho yake walipanda gari la Majimoto, kapu kwenye mapaja yake, hakukubali liwekwe juu.

Milembe walimwacha kwangu. Hilo nawashukuru.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikuwa nampikia asubuhi, nafunika kwa blanketi, mchana anakuta kimepoa. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa kwenye kona ya jiko, pale kapu lilipokuwa, bado na sare za shule.

"Baba, kapu liko wapi?"

"Kwa bibi, Majimoto."

Akafikiri.

"Kwani bibi naye anaumwa?"

Kwake yeye kapu lilikuwa kitu cha mgonjwa. Nikamwambia bibi haumwi. Sina hakika kama nilimwambia ukweli.

Nikatengeneza jingine. Nilinunua kapu sokoni, nikalijaza vipande vya godoro, ovaroli zangu kuukuu na blanketi lililochanika. Kushona sijui, nilishona kwa uzi wa viatu. Mama Zuhura alipoliona alisema linafanana na pikipiki iliyopata ajali. Lakini linapika. Mtoto anakula cha moto.

Nilidhani yameishia hapo.

Kisha siku moja niko gereji, simu ikaita, namba ya Masanja. Akanisalimia kwa aibu kidogo, tangu matanga tulikuwa hatujazungumza.

"Shemeji, mama anauliza hili kapu linapikaje. Anaweka boga, haliivi. Kashajaribu mara kadhaa, gumu."

Nikaanza kueleza, yeye anarudia kwa sauti upande wa pili. Chagua boga lenye unga, si la majimaji. ("Lenye unga, mayu!" Mayu ni mama kwa Kisukuma.) Kata vipande vikubwa na ganda lake. Sufuria ijae, ikiwa nusu inapoa haraka. Maji kidogo tu, boga lina maji yake. Funika, lichemke kweli kweli, usihesabu lile povu la mwanzo. Liache dakika kumi hivi motoni, toa, weka kwenye kapu hapo hapo, funika na mto, usiguse mpaka mchana. Maziwa na karanga baadaye.

"Anasema hayo yote anafanya."

"Mwulize kama anafunua katikati."

Nikasikia simu inahama mkono. Halafu sauti ya yule mama, kwa mara ya pili maishani mwangu.

"Nafunua."

Nikasimama. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye injini ya mtu, nikajikuta nimesimama wima kama niko mbele yake.

"Mama, mkifunua joto linatoka. Haliwezi kuiva. Ni lazima mlivumilie."

"Najua, baba. Nimeelewa kitambo." Akavuta pumzi. "Lakini zile nguo zikipata joto, zinanukia yeye. Zikipoa hazinukii. Ndiyo maana nafunua."

Mimi kazi yangu ni kueleza watu. Mteja akija pikipiki haiwaki, namweleza mpaka aelewe. Siku ile niliweka spana chini.

Mwishowe nikamwambia: "Basi mama, boga lipikeni kwenye moto wenu wa siku zote, mpaka liive. Kapu wekeeni maji ya moto tu kwenye sufuria. Mfunue kila mnapotaka."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa, mama."

Akaniambia asante. Siku hizi ananipigia mwenyewe, hapitishi kwa Masanja. Wazee wake wanamsema, anawaambia mambo ya simu hayamo kwenye mila.

Nilichojifunza, kwa wenye wagonjwa ndani. Kaeni mzungumze mapema nani abaki na nini, na msizungumzie vitu vikubwa tu. Mimi na Kabula tulizungumza shule ya mtoto, tukazungumza kiwanja, tukazungumza hata mahali pa kumzika. Kapu lilikuwa pale pale mbele yetu linatoa mvuke, hatukulizungumzia. Na ukigombania kitu cha marehemu, msikilize na mwenzako anakigombania kwa nini. Mnaweza kukuta wote mna haki, na bado mmoja lazima aachie.

Dada wa slow cooker, nunua tu, usiogope. Anza na boga dogo, likikushinda niulize hapa, nitakuelekeza taratibu mpaka uweze. Wanaotaka kushona kapu nao waulize, hakuna swali la kijinga.

Mimi nina swali langu moja. Mama alipiga tena jana. Anasema anaweka maji ya moto, anafunua, lakini harufu inapungua, sasa inanukia zaidi boga kuliko mwanawe. Anataka nimwambie afanyeje ibaki.

Kama kuna anayejua namna ya kutunza harufu ya mtu kwenye nguo isiishe, naomba aandike hapo chini. Nimemwahidi nitauliza.