Uzi Mwekundu Mkono wa Kushoto

Enzi zetu huku Temeke, wakati wa Waingereza, penseli hukukabidhiwa hivi hivi. Ulianza kwa kidole mchangani, ukahamia kwenye kibao cha sleti, ndipo penseli. Wino ulikuwa wa wakubwa, na vidole vyao vya bluu tulivionea wivu. Mimi sikuwa na subira hata chembe, nilikaa darasani kama niliyekalia siafu.

Shida ilikuwa mkono wangu. Ulifundwa kwanza kwenye chuo cha Kurani, na huko maandishi yanaanzia kulia. Basi shuleni nami nikaanzia kulia, herufi zikaja zimegeuza visogo. Mwalimu wetu, Mkristo wa kutoka Songea, akadhani namfanyia mzaha. Wenzangu wakapewa penseli, mimi nikabaki mchangani na vitoto vilivyoanza juzi, mikono ikiniwasha kwa hamu.

Baba akasema ikifika Ramadhani sijashika penseli, nitabaki nyumbani nitwange. Mama, kwenye karatasi za serikali, alikuwa akibonyeza dole gumba, kisha akilisugua kwenye kanga hata wino ulipokwisha kutoka. Asubuhi yake akanifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto.

"Ukitaka kuandika, anzia kwenye uzi," akaniambia. "Mie nimebaki na dole hili. Wewe usibaki nalo, mwanangu."

Nikaandika kila mahali: kwenye majivu ya jikoni, kwenye vumbi la njiani, kwa mkaa ukutani hadi nikachapwa. Siku moja, Ramadhani ikiwa imekaribia, mwalimu akasimama kando ya mchanga wangu. Akalisoma jina langu, akautazama ule uzi. Akanipa kipande cha penseli kilichotafunwa.

Sikungoja kengele. Nilikimbia hadi nyumbani nikaandika jina la mama mlangoni. Hakuweza kulisoma. Alipitisha dole gumba juu yake taratibu, akianzia kushoto.

Leo wajukuu zangu wanaandika kwa dole gumba, wamelala chali na simu zao. Ukiwapa kalamu, mistari miwili tu wanalalamika mkono unauma. Nawacheka, lakini nikiyaona yale madole yakikimbia situlii. Namkumbuka mama, aliyekuwa akilificha la kwake ndani ya kanga.