Taa Niliyoiziba kwa Utepe

Mikorosho iliyonunua basi letu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mke wangu, aliachiwa na mama yake kule Nkowe, na mimi ndiye niliyemshawishi aiuze. Nilimwambia nimechoka kuipulizia dawa ya salfa na kukohoa kila mwaka, na kwamba basi halisubiri mvua. Alifikiri siku tatu. Kisha akasema, "Haya, lakini konda ni mimi." Ndivyo tulivyoanza kubeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa, mimi kwenye usukani, yeye mlangoni.

Lilikuwa basi dogo la Kijapani, kuukuu, linalobadili gia lenyewe. Madereva wenzangu stendi walinicheka. "Mguu wako wa kushoto utapooza kwa kukosa klachi," walisema. Nilicheka nao. Mwaka wa kwanza halikunisumbua hata siku moja.

Mwaka wa pili likaanza vituko. Injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Au linaondoka stendi likijikokota kwa gia kubwa, kama kuna mtu amelishika nyuma. Au linashtuka ghafla katikati ya barabara mpaka abiria wanashika viti. Nikilizima na kuliwasha tena, linapona. Kwa kuwa lilikuwa linapona, nilijidanganya kwamba haliumwi.

Wakati huohuo taa ndogo ya njano kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Abiria wa kiti cha mbele waliiona kabla ya kuona kitu kingine chochote. "Suka, hiyo taa vipi?" Niliulizwa leo, nikaulizwa kesho. Siku ya tatu nilikata kipande cha utepe mweusi wa umeme nikaiziba. Mke wangu alikuwa sokoni. Sikumwambia.

Tulikwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha oili, basi likatulia siku nne. Wa pili aliliendesha mara moja kuzunguka uwanja, akarudi akitikisa kichwa. "Giaboksi imekufa hii. Tuing'oe, tufunge ya kukanyaga klachi." Alipotaja gharama, mke wangu aligeuka akatazama pembeni. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Tukaendelea kulitembeza hivyohivyo. Abiria walipungua. Asubuhi nilikuwa nikiwasha injini kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Siku iliyonivunja tulikuwa tunatoka Ruangwa. Alipanda mama mmoja wa kijiji cha Mtua, mtoto wake ana homa kali, anampeleka hospitali Nachingwea. Kwenye kilima, baada ya kipande cha barabara chenye makorongo, basi likashtuka na kukwama kwenye gia kubwa. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia, magurudumu yakasita, tukaanza kurudi nyuma. Nikashika breki. Abiria walishuka mmoja mmoja, wakaanza kupanda kilima kwa miguu. Mke wangu alisimamisha bodaboda, akampandisha yule mama na mtoto wake. Mtoto alipona, nilikuja kusikia wiki iliyofuata. Lakini siku ile sikujua. Nilikaa kwenye usukani nimeshika kichwa, nikamwambia mke wangu, "Tuliuze chuma chakavu. Limenishinda."

Alisema, "Kuna mzee mmoja kule Nambambo, alikuwa fundi umeme wa magari jeshini. Twende kwake."

"Umeme wa nini? Hii ni gia."

"Baba watoto, wewe umeshajua nini mpaka sasa?"

Kesho yake tulilipeleka taratibu. Mzee alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutaka kusikia mafundi walisema nini. Aliniambia niliegeshe mahali tambarare, injini inawaka, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanusa, akasugua oili katikati ya vidole.

"Imeanza kuungua," alisema. "Lakini haina chenga za chuma. Giaboksi haijafa. Inachoka."

Kisha akapanda kwenye kiti changu, akauona utepe. Aliubandua kwa ukucha, polepole.

"Nani ameiziba hii?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilisema, "Mimi."

Mzee hakunigombeza. Aliunganisha vitundu viwili vya plagi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, akawasha swichi, na ile taa ikaanza kupepesa kwa mpangilio. Alihesabu kwa sauti: mara sita, ikapumzika, mara moja. Ikarudia. "Sitini na moja," alisema. "Inakwambia jicho linalopima mwendo halioni. Kompyuta haijui gari linakimbia au limesimama. Haijui ikupe gia gani, basi inashikilia moja. Imekuwa ikikwambia tangu lini?"

"Miezi miwili."

Aliingia uvunguni. Juu ya giaboksi waya mmoja ulikuwa umelala kwenye chuma, umesuguliwa na mitikisiko mpaka ukakatika ndani ya ngozi yake. Kwenye lami unagusana, kwenye makorongo unaachana. Aliuunga, akaufunga mbali na kile chuma. Kazi yote haikufika saa moja. Nilitamani kulia.

Alipokuwa anafuta mikono alizungumza na mke wangu kwa Kimwera. Mimi ni Mmakua, Kimwera nakisikia nusunusu, lakini nilielewa vya kutosha. Alimwambia kuondoka kwa gia kubwa miezi miwili ndiko kulikounguza oili, na kwamba sahani za ndani zinazoshika gia zimeumia. Oili mpya itasaidia. Litatubeba, lakini mpaka lini hawezi kusema.

Tuliondoka. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote ziliingia laini kama siku tuliyolinunua. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, si mlangoni.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa. Ila mimi nilikuwa naogopa bila kujua ninachoogopa."

Basi letu bado linatembea. Tangu msimu wa ufuta uliopita gia ya tatu imeanza kuchelewa: injini inapanda, inaning'inia hewani, halafu inashika. Kila ikifika hapo, mke wangu huacha kudai nauli, hata kama abiria amemnyooshea pesa. Anasimama ameshika bomba, anasikiliza.