Kitufe cha Marahaba

Nianze na kosa, maana mama akisoma hapa akakuta nimelificha huko chini, mimi ndiye nitakayesomewa. Siku bibi anafika Doha kutoka Tanga, mama aliniomba jambo moja tu: nirekodi kwenye tableti ya mdogo wangu maneno mawili, "Shikamoo bibi". Mimi nikarekodi "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Tena nikaikaza sauti, kama mzee mwenye mashamba matatu na wake wawili.

Sikuwa na hasira na mtu. Niliona tu itachekesha.

Mdogo wangu ana miaka saba na hasemi. Ana usonji. Sauti anazo, nyingine zinafika kwa majirani wa ghorofa ya tatu, ila maneno hayamtoki mdomoni. Yanatoka kwenye tableti aliyoning'iniza shingoni, imejaa picha. Akigusa glasi, inasema maji. Akigusa kitanda, inasema nimechoka. Ilipokuja mara ya kwanza ilikuwa inajua Kiingereza na Kiarabu tu, kwa sauti ya yule dada anayetangaza kwamba ndege imechelewa. Mama akasema mtoto wake hataomba uji ndani ya nyumba yake kwa lugha ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo kila neno la Kiswahili tukalirekodi wenyewe.

Tulianza na sauti ya baba. Baba ni dereva wa hoteli, amezoea kuongea na wageni polepole na kwa heshima, na kila alichorekodi kilitoka kama tangazo la msiba. "Nataka ndizi" yake ungedhani ndizi imefariki. Ikaja sauti ya mama. Hiyo ilikuwa nzuri mno: mdogo wangu akigusa picha na kumsikia mama, anainuka kwenda kumtafuta jikoni, akifika huko ameshasahau alikuwa anataka nini. Nikabaki mimi. Na kwa kuwa kazi yenyewe imechukua miaka miwili, na ndiyo hiyo miaka ambayo sauti yangu iliamua kuvunjika, mdogo wangu anaomba maji kama kifaranga halafu anasema amechoka kama beberu.

Kisha kuna mbwa.

Najua. Nyumba ya Waislamu wa Tanga, mbwa. Hata sisi ilituchukua muda. Lakini mtoto huyu alikuwa anachomoka. Mlango ukisahauliwa kidogo tu, yuko katikati ya barabara, na hapa mtaani kwetu Al Wukair watu wanaendesha kama wanafukuzwa. Kulikuwa na mama mmoja wa kigeni, baba alimwendesha kwa miaka. Kazi yake ilikuwa kufundisha mbwa wa kusaidia watu. Alipokaribia kurudi kwao, alimfundisha mmoja pamoja na mdogo wangu kwa miezi kadhaa, akatuachia. Hakutaka kitu, ila picha kila mwezi. Mama anamtumia mpaka leo, na kila Ijumaa anamwombea dua kwa jina lake, katikati ya majina ya wazee wetu waliotangulia, wakati mwenzao yuko hai huko kwao anakunywa chai.

Kazi ya mbwa ni hii. Mkanda unatoka kiunoni kwa mdogo wangu unashikana na fulana ya mbwa. Mtoto akichomoka, mbwa anakaa chini, na akikaa huyo hata winchi haimwinui. Mtoto akizidiwa na kelele au mwanga, mbwa anamlalia miguuni kwa uzito wake wote mpaka atulie. Baba alikwenda kuuliza kwa wanaojua dini, akaambiwa mbwa wa kazi ana nafasi yake, ila mate ni mate. Basi tuna ndoo ya mchanga safi kwenye roshani, kitu kikiguswa na mate kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, na mwoshaji mkuu wa mchanga ni mimi. Chumba tunachosalia haingii kabisa. Na kiangazi anavaa viatu, kwa sababu lami ya huku inaunguza nyayo. Viatu vinne. Mimi, mtu mzima wa darasa la kumi, nina pea moja. Mlinzi wa geti letu, Mkenya, humpigia saluti kila asubuhi: "Sema, sajini. Mimi nalinda geti, wewe linda mtoto." Mimi hajawahi kunipigia.

Sasa bibi. Bibi ni mama yake mama. Alimwambia mama kwenye simu kwamba anakuja kujionea kwa macho yake, na akikuta mjukuu wake analelewa na mbwa na redio, atarudi naye Tanga. Huko kuna mwalimu wa kumsomea dua, kuna hewa, kuna watu. Mama alijibu, "Sawa, mama." Mama hajawahi kumwambia bibi hapana. Baba alisema hayo ni ya kwao, yeye mkwe hana mdomo. Ukweli tuliujua wote: mbwa asingekwenda Tanga, wala mwalimu wa mawasiliano anayemfundisha mdogo wangu kutumia tableti. Nilimkuta mama anafuta jiko ambalo lilikuwa limeshafutwa. Alikuwa na tumaini moja tu, kwamba bibi akimsikia mtoto anamwamkia, moyo wake utalegea. Ndiyo maana akaniomba ile shikamoo.

Nilijua hayo yote. Kwa hiyo naliita kosa, siliiti utani.

Uwanja wa ndege bibi alitoka na begi limefungwa kamba, akamwona mbwa, akasimama hatua kumi. Mama akamwonyesha mdogo wangu picha ya mkono, ile ya salamu. Akagusa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Waswahili wote waliokuja kupokea ndugu zao waligeuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akavua kofia. Bibi hakucheka. Alimtazama mama, akasema kwa upole kwamba huko alikomlea yeye, mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Mama alinifinya mkono mahali ambapo ngozi mpaka leo haijarudi sawa. Na kibaya zaidi, mdogo wangu aliona watu wamegeuka. Hajawahi kusema neno likasimamisha watu. Akagusa tena. Akagusa njia nzima mpaka nyumbani, na bibi kiti cha mbele anatazama maghorofa.

Wiki ile mama hakukaa kitako. Bibi alipewa chumba cha kusalia alale humo, kwa kuwa ndicho mbwa hafiki. Akipita sebuleni anapita ubavu ubavu na ukuta, buibui amelishika juu kama anavuka mto. Tableti aliiita redio. Kila asubuhi mdogo wangu anamfuata na kumpa marahaba yake, na bibi anageuza uso kwa mama kuuliza kama pasipoti ya mtoto iko tayari. Mama anasema ataitafuta. Pasipoti ilikuwa ndani ya droo ya vijiko, niliiona.

Na mimi? Bibi hakuwa na ugomvi na mimi. Mimi ananiita mume wangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake. Mdogo wangu yeye anamwita baba, kwa kuwa mtoto amerithi jina la baba mzazi wa bibi. Kwa mpango huo mdogo wangu ni baba mkwe wangu. Siku nyingine ningelifanyia kazi hilo, lakini wiki ile hata mimi utani ulinikauka.

Jumamosi mchana, mama yuko kazini, nikaamua kulitengeneza nililoliharibu. Nikafuta marahaba. Nikarekodi "Shikamoo bibi" kwa adabu ya mtoto wa madrasa siku ya maulidi. Mdogo wangu akachukua tableti yake, akagusa picha ya mkono.

"Shikamoo bibi."

Akaitazama. Akagusa tena. Kisha akaanza kulia, na kwake kulia si kulia tu. Fikiria unafungua mdomo useme neno ulilolizoea, linatoka la mtu mwingine. Alikimbilia chumba cha bibi, sijui kwa nini huko, labda kwa sababu neno lenyewe alikuwa akimpa yeye. Akajitupa sakafuni kando ya msala akawa anapiga kichwa chini.

Bibi alikuwa bado amekaa juu ya msala na tasbihi yake. Alimkumbatia, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu akiwa hivyo kukumbatiwa kunamchoma. Akamsomea, akampulizia. Wapi.

Mbwa alikuja mpaka mlangoni akasimama. Miaka miwili hajawahi kuvuka kizingiti kile. Hata ukitupa kipande cha nyama ndani haingii, nimejaribu. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama bibi. Bibi alikuwa ameweka kiganja chake chini ya kichwa cha mtoto, kwa hiyo kilichokuwa kinagonga sakafu ni mkono wake.

"Si umwambie aingie," akasema. "Unangoja nini?"

Nikamwambia. Akaingia, akamlalia mdogo wangu miguuni, nusu ya mwili wake juu ya msala. Bibi hakusogea. Hakukunja hata buibui. Tulikaa hivyo muda mrefu, viyoyozi vinanguruma, mpaka pumzi ya mtoto ikashuka na vidole vyake vikazama kwenye manyoya ya shingoni.

Ndipo bibi akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Nikasema. Nilianza na la leo nikamalizia na la uwanja wa ndege, kwamba mama aliomba shikamoo na marahaba ni yangu, si ya mama wala ya mtoto. Nilidhani atanipiga. Alikuwa anatazama vidole vya mdogo wangu.

"Kwa hiyo neno ulimpa wewe, na leo umemnyang'anya."

Nikasema ndiyo, bibi.

"Mrudishie."

Baadaye mwalimu wake wa mawasiliano aliniambia hilo hilo kwa maelezo marefu zaidi: ukishamwekea mtoto neno, si lako tena, hulitoi kama unavyobadilisha mlio wa simu. Bibi hakusomea popote. Nikarekodi upya palepale, nimepiga magoti. Safari hii haikutoka kama mzee mwenye mashamba. Ilitoka taratibu, na mwishoni ikatetemeka kidogo. Ndiyo iliyopo mpaka leo. Halafu nikaubeba msala roshani nikauosha mara saba, na sikumnung'unikia mtu.

Asubuhi ya pili bibi alikuwa mezani na uji wake, mama anamenya mayai huku amempa mgongo, anangoja kuulizwa pasipoti. Mdogo wangu akaja na mbwa wake. Kabla hajainua kidole, bibi akaweka kikombe chini.

"Shikamoo, baba."

Mdogo wangu alikuwa anatazama kona ya dirisha, kama kawaida yake. Kidole kikashuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba," akasema bibi.

Mama aligeuka na yai mkononi. Bibi aliendelea na uji wake vijiko vitatu, vinne, kisha akamwambia mama, "Mtaa mzima unaniamkia mimi. Wa kunijibu marahaba nimeshawazika wote."

Basi. Pasipoti haikuulizwa tena.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi. Mdogo wangu akawa anamngoja mlangoni kwake, na hagusi mpaka bibi aseme kwanza. Mwalimu alipoambiwa alitaka kuona, akaja, akatazama, akafuta miwani. Alisema mtoto huyu siku zote alikuwa anaomba vitu: maji, ndizi, nje. Sasa anamjibu mtu. Alitueleza kwamba kuna watoto wanafundishwa hatua hiyo kwa muda mrefu sana. Sisi tulifika kwa ujinga wangu na umri wa bibi. Nashukuru kwa vyote viwili, ingawa kwa ule wa kwanza nimekatazwa kuringa.

Namshukuru na yule mama wa kigeni, aliyemfundisha mbwa kutovuka kizingiti kile, na akamfundisha vizuri kiasi kwamba siku ya kuvuka alingoja ruhusa. Namshukuru mbwa, ambaye shukrani hazimshughulishi, anachotaka ni kukunwa nyuma ya sikio kisha mimi niende kunawa.

Bibi alikaa miezi miwili. Aliondoka peke yake, na begi lake, na kamba yake. Pale uwanja wa ndege alimwamkia mdogo wangu, baba yake, akajibiwa, na safari hii waliogeuka aliwatazama yeye mpaka wakarudisha shingo zao. Kisha akamgeukia mbwa. Alisimama hatua mbili, nilizipima.

"Na wewe," akamwambia, "nitunzie baba yangu."

Njia nzima ya kurudi mama alitazama maghorofa. Nilijaribu mzaha wangu wa baba mkwe, baba akakohoa. Tulipofika nyumbani, baba akatangulia na mtoto ndani. Jua lilikuwa linaanza kukaza. Mama alinishika sikio, si kwa nguvu, akalishikilia kama mtu aliyesahau alilishikia nini. Kisha akasema:

"Siku ya Kiama hilo moja la marahaba nitakushuhudia kwa heri. Mengine yote utajibu mwenyewe. Haya, mvalishe mbwa viatu umtoe, kabla lami haijachemka."